Uso Ulioliwa na Mvua

Mimi ni fundi wa mabango. Mkono wangu unajua
midomo ya saluni, jino la daktari wa meno,
gurudumu la mziba pancha, mshale wa CHOO HUKU.
Miungu sikuwahi.

Lakini masika ile paa la Hansaben lilivuja
pale Ngara, ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo,
na maji yakashuka ukutani usiku kucha
yakamfikia Lakshmi.

Miguu hayakuigusa. Yungiyungi lake lilikuwa zima,
la waridi, pana kama sinia la harusi.
Ndovu wawili bado walimmwagia maji,
sarafu bado zilianguka kutoka kiganja cha chini
bila kufika sakafuni, miaka hamsini na tisa
zinaanguka. Mikono yote minne ilikuwepo.
Uso tu ndio haukuwepo. Palikuwa na ukungu,
rangi imevimba na kubanduka kama utandu wa maziwa,
na chini ya sikio la kushoto
alama nyeusi, ndogo, chembe ya ufuta.

"Alimchora mume wangu," alisema.
Jayantilal, karani wa stoo za reli,
mchana akihesabu misumari, usiku akichanganya mafuta.
Nikasema, kwa adabu ya mtu anayetafuta kazi,
Basi nipe picha yako ya ujana, nimrudishe.

Akacheka hadi bangili zikalia.
"Mimi? Mimi ufuta huu sina."

Nikanyamaza. Brashi haiulizi.

"Binti wa muuza vitambaa, Kisumu. Alimwona mara tatu.
Aliponioa alikuja naye, kaviringishwa ndani ya mkeka.
Mama mkwe akamtundika. Nani angemkataa mungu mlangoni?
Kila alfajiri nimemwashia taa. Nimempa maua, sukari,
jina la kila mtoto aliyeugua."

Ndipo akanitajia uso, macho kayafumba,
kama mtu anayesoma deni alilolikariri:
Mdomo wa chini umetulia, wa juu una haraka.
Nyusi usizikunje, huyu hajapika kwa kuni mbichi.
Nywele ziwe na maji, ametoka kuoga sasa hivi.
Yeye daima katoka kuoga. Maji nilichota mimi.

Na macho?
Akakawia.
"Ya mtu aliyeitwa jina akiwa mlangoni,
hajaamua kama atageuka."

Siku nne. Nilikosea pua mara mbili,
akanirudisha kwa kidole, hewani, bila kugusa.
Tapentaini, ubani, chai ya tangawizi.
Siku ya tano, saa tisa alasiri, alitutazama.
Sikufanya mimi. Mafuta yalikubali tu,
na chumba kikapata mtu wa tatu.

Hansaben akasimama, akavuta ncha ya sari kichwani,
akamwambia maneno ya Kigujarati, marefu, makali.
Maneno siyajui. Sauti naijua:
mama yangu alikuwa na mke mwenza,
walizozana hivyo hivyo juu ya chumvi,
na mmoja alipokufa mwingine hakula siku mbili.

Ungeweza kumwacha aoze, nilisema, nikiosha brashi.
"Halafu nigombane na nani?"
Akanilipa kwa noti zilizonuka iliki.

Ijumaa nilikuwa Kariokor kwa Gathuru,
bango la hoteli, mita mbili kwa moja, kuku mzima.
Mbawa sawa. Kucha sawa. Upanga mwekundu, sawa.
Jioni Gathuru akatoka, taulo begani,
akatazama, akarudi nyuma hatua, akatazama tena.

"Fundi," akasema, "huyu nitamchinjaje?
Ni kama nimemwita jina."