Sahihi ya Pili

Saa tisa usiku, Magongo imelala.
Shekuwe ananisogezea daftari na kalamu:
“Zilizobaki nimekaza zote, Mbodze.
Tia sahihi, tukanywe kahawa.”

Ni shemeji yangu. Haongopi.
Ila bolti hazijui ushemeji.

Nikapanda ngazi, tochi mdomoni,
nikazipapasa moja moja chini ya bawa
kama nyanya alivyochagua korosho,
bila haraka, akitilia shaka hata nzuri.

Zake imara.
Ya kumi na moja haina waya wa kufungia.

Nikanyamaza.
Safu ile niliifunga mimi, jioni,
kabla ya kupokezana zamu.

Shekuwe hakucheka. Alinimulikia tu,
nikasokota waya, vidole vikinitetemeka.
Kisha nikampa tochi, ina mate yangu:
“Panda wewe sasa. Usiniamini.”

Akaifuta kwenye ovaroli.
Akapanda.