Akida wa Daftari la Salvina

Salvina wa darasa la sita, hapa Nyangao,
ameleta meli ya Warumi ndani ya Mto Lukuledi,
makasia themanini,
na mto wenyewe kiangazi hiki haufiki goti.
Nikamwambia. Akasema zamani ulikuwa mzima.

Melini yumo Kwinto, miaka kumi na mmoja,
mtumwa wa kusugua ngao za wenzake.
Usiku kachomoka, katokomea kwenye matete.
Nyuma yake akida na askari mia,
kofia zao zina manyoya kama upanga wa jogoo.
(Hapo kalamu ya bluu imekwisha. Anaendelea kwa nyekundu.)

Nankondo, binti wa mfua chuma,
anamkuta anatetemeka, hajui hata salamu.
Anamfundisha neno moja: jifiche.
Anamtumbukiza kwenye tanuru lililopoa,
juu anafunika majani ya mbono,
anampenyezea ming'oko ya kuchemsha.
"Warumi walikula ming'oko?"
"Huyu anakula. Ana njaa."

Bibi alikuwa anabangua korosho,
vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda, hatusikilizi.
Ila neno akida lilipopita
jiwe lake likasimama hewani.
"Akida yupi? Yule wa pamba?
Babu yangu alichapwa viboko ishirini na vitano
kwa pamba ambayo hakuwahi kuivaa."
"Siyo huyo, Bibi. Huyu wa Rumi. Wa zamani sana."
"Wote wa zamani sana."
Jiwe likashuka, ganda likapasuka.
"Andika mtoto asipatikane."

Umeme ukakatika.
Daftari likafungwa, akida yuko hatua kumi na tano
kutoka tanuruni,
ananusa.

Saa nane usiku kitanda kikalia.
Ni yeye, anapapasa gizani.
"Unatafuta nini?"
"Nimemwacha mle hajapata hata maji."
Nikawasha tochi ya simu.
Akaiacha nyekundu, akachukua ile bluu,
ile iliyokwisha,
akaandika mstari mmoja, akikandamiza
mpaka karatasi ikachimbika.
"Mbona hiyo? Haitoi wino."
"Nyekundu akida anaisoma."

Asubuhi alipokwenda shule
nilifungua ukurasa ule. Mweupe.
Nikapitisha kidole taratibu, macho nimefumba,
herufi moja, nyingine:
Nankondo alitoboa tundu upande wa mto.