Anga la Januari

Kioo kilikuja na giza la watu wengine,
bluu ya theluji, zambarau ya maua nisiyoyajua.
Macho yakaniwasha. Nikazifuta zote
usiku umeme uliporudi Ipagala,
nikaanza na usuli.

Nyeusi tupu? Hapana. Dodoma haipo,
hata usiku una vumbi ndani yake.
Nikatia chembe ya kahawia, nikaipunguza, nikairudisha,
tarakimu sita, saa nzima,
hadi ikafanana na sufuria ya uji wa uwele
upande ule ukaao motoni.

Amri nimezipa manjano ya alizeti iliyokwisha kuinama.
Maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu
ni zabibu mbichi, kijani chenye ukungu wa salfa.
Na maoni, yale ninayojiandikia
ili kesho nisijishangae,
ni shati jeupe la shule, Ijumaa jioni.

Kisha kosa.

Dunia nzima hukosea kwa nyekundu.
Lakini nyekundu ni uwanja wetu, ni visigino vya mama,
ni maji ya kwanza ya kufulia.
Nitaipigaje mstari nyumbani?
Nikaipa kishale badala yake:
kinapepesa palepale nilipo.

Nyemo alikuwa nyuma yangu anamenya karanga.
Kaka yangu huyu, nyekundu na kijani kwake ni mapacha;
zabibu huzibinya ndipo ajue zimeiva.
"Mimi hapo naona uji tu," akasema.
Nikamuuliza, basi wewe ukiona rangi gani
unajua mambo yameharibika?
Hakufikiri hata kidogo.
"Bluu. Anga la Januari."

Mwaka ule mtama ulijikunja kama risiti.
Baba alitoka kila alfajiri, akatazama juu,
akarudi ndani bila kumsalimu mtu.
Na juu kulikuwa kuzuri, kusafi,
hakuna hata doa la wingu la kulaumu.

Nilimwambia Nyemo anitajie bluu yenyewe.
Tukabishana mpaka karanga zikaisha.

Sasa nikisahau kufunga mabano
kipande cha anga lile huchomoza chini ya neno,
nami huinuka kidogo kitini
kama mtu anayekwenda kuchungulia
pipa la maji.