Nilivaa Baridi

Julai, Bufundi. Kilima cha shule hakionekani leo,
kimelala ndani ya ukungu pamoja na mabati yake,
nami nimeshika rejista mlangoni
kama mtu anayeita mizigo asiyoiona.
"Kyarisiima." Nipo.
"Turyahabwe." Kikohozi, kisha: nipo.
"Nshemereirwe."
Kimya. Halafu sauti kutoka bondeni,
huko kwenye matuta ya viazi:
"Nipo njiani, mwalimu!"
Nikaandika yupo.
Aliyeitika, yupo.

Kengele yetu ni ringi ya lori.
Asubuhi kama hizi chuma kinang'ata,
basi Kyarisiima huvua soksi moja
akaivaa mkononi ndipo agonge,
mguu ukilipa deni la mkono.
Chaki nayo imelowa hewa. Haiandiki,
inateleza tu ubaoni kama konokono.

Neno la leo: kipupwe.
Kitabu kinasema majira ya baridi, Juni hadi Agosti.
Aliyeandika, nadhani,
alijifunika shuka moja akatosheka.
"Wingi wake ni vipupwe?" akauliza Kyarisiima.
Nikasema baridi haihesabiwi.
Akanitazama kwa huruma,
kama umtazamavyo mgeni aliyepita njia ya kwenu,
akaanza kukunja vidole:
kuna ya kisimani, inayoingia chini ya kucha,
kuna ya chuma,
kuna ya mkeka, hiyo hupanda kutoka ardhini usiku,
na kuna ya nyumba mama akisafiri.
Kidole cha tano akakiacha wima.
Sikuuliza.

Mwaka wa kumi na tisa huu nafundisha lugha
ambayo wazazi wengi hapa waliijua barabarani,
kwenye vizuizi, midomoni mwa wenye bunduki.
Babu yangu aliyajua maneno mawili tu, "lala chini",
na hakupenda kuyatafsiri.
Labda ndiyo maana nasahihisha taratibu.

Usiku, kando ya sigiri, kiazi kikiiva majivuni,
nilifungua daftari la Turyahabwe,
lenye doa la bushera pembeni na dole gumba la masizi:
*Jana nilivaa baridi nikaja shule.*
Kalamu nyekundu haikusita.
Baridi haivaliwi. Sahihisha.

Kisha nikatoka kuchukua kuni.
Ikanishika shingoni kwanza,
ikafunga vifungo kimoja kimoja hadi kiunoni,
ikabana kwapani, ikaning'inia vidoleni kama mikono
ya koti la kaka mkubwa.
Nilisimama pale na kuni zangu mbili.
Yule mtoto alikuwa ameipima vizuri kuliko fundi cherehani.
Kiazi kikaungua. Nikakila hivyo hivyo,
ganda lake jeusi likinichekea menoni.

Kulipokucha nilimtafuta kabla ya kengele,
kalamu tayari, nifute wekundu wangu.
Nilichelewa. Alikuwa amekwisha sahihisha,
kwa mwandiko ulionyooka kama mstari wa gwaride:
*Jana nilivaa sweta nikaja shule.*
Sarufi safi.
Sweta hana.

Nilikuwa na chaki moja kavu,
niliyoilaza usiku kando ya makaa.
Nikampa. "Andika ubaoni ile ya kwanza."
Akageuka, akaninusa kama anusaye mtego.
"Ile ya kosa?"
"Ile ya kosa."

Akaandika polepole, akipumulia vidole kila baada ya neno,
na ukungu ukaingia kwa dirisha lisilo na kioo,
ukakaa dawati la nyuma
karibu na Nshemereirwe, ndiyo kwanza amefika,
anapangusa matope miguuni kwa jani la kabichi
na kuuliza jirani yake
tumefika wapi.