Baba-Baba, Mama-Mama

Miaka miwili hupewi ngoma.
Unapewa kibao cha mpira mweusi,
mikwiro miwili mizito kuliko ilivyohitajika,
na kiti katika chumba cha chini, Jumanne saa kumi na moja jioni,
palipokuwa pakiwekwa mapipa ya divai na harufu haijahama.

Luzius Stehlin huja na sare yake ya dereva wa tramu,
kofia anaitundika kwenye bomba la maji moto.
"Mkono wa kulia, baba. Wa kushoto, mama.
Kila mmoja aseme mara mbili. Taratibu."
Baba-baba. Mama-mama.
Baba-baba. Mama-mama.
Ngoma ikivuma sana hupasuka;
mpira hauvumi, basi wala hauchoki.
Tunachoka sisi.

Baba yangu anatamka vizuri.
Mama anameza neno la pili.
"Salome! Mama yako hasikiki!"
Wavulana wanacheka, nami nacheka,
na mzaha ule naurudisha nyumbani
kama kokoto kiatuni.

Kwa sababu mama, yule wa kweli, Mechthild,
amewashonea wapiga ngoma wa mtaa wetu
misimu kumi na tisa:
kola, vifungo, marinda ya njano.
Enzi zake mvulana alipewa mikwiro,
msichana akapewa sindano,
na hakuna aliyeona hapo pana swali.

Jioni moja ya Novemba nafanya zoezi mezani,
juu ya gazeti lililokunjwa,
naye anakatakata vitunguu vya mkate wa sikukuu.
Baba-baba. Mama-m
Baba-baba. Mama-m
Kisu kikanijibu.
Sikukisikia kikianza. Kilikuwa tayari kinakwenda,
sawasawa, kisha mbio, kisha mbio laini
kama mchele ukimiminwa kwenye sinia,
na mkono alioshikia kisu ni wa kushoto.

"Umejifunzia wapi?"
"Mlangoni. Nikisubiri kuwapima mabega."
Akafuta machozi ya vitunguu kwa kiwiko.
"Wewe unamsukuma. Usimsukume.
Mwache aanguke, akirudi mdake."
Akarudi kwenye ubao wake.
Hatukulizungumza tena.

Ngoma nilipewa mwaka wa tatu.
Inanigonga paja, mkanda unanikata bega,
nyuzi za chini zinanong'ona hata nikikohoa.

Saa kumi za usiku, Machi, Basel inazima taa zake zote.
Hakuna anayepiga chafya.
Mikono siioni, yangu wala ya jirani.
Amri inatolewa, tunaanguka sote pamoja,
na katikati ya pigo la kwanza na la pili,
kwenye ukingo wa barabara, upande wangu wa kushoto,
kuna mtu anagonga chupa ya chai kwa kucha,
mara mbili,
mara mbili.