Megahezi Moja

Bogumił Wrzos alikuja Jumanne ya kwanza ya Januari,
theluji mabegani, na bega moja limegoma.
Miaka arobaini na miwili amekaza nyuzi za piano
mashuleni, makanisani, sebuleni kwa wajane wa Bydgoszcz,
nyuzi mia mbili na ushei kwa kila piano,
na kila uzi, alisema, hulipiwa na kano.
Sasa koti havai bila msaada.
Rafu ya chai haifikii.
Usiku hulala ameketi, kama abiria aliyepitiliza kituo.

Nikampaka jeli. Akashtuka kwa ubaridi wake.
Nikaweka kichwa cha mashine begani, nikaanza kuzungusha,
taratibu, kama mtu anayefuta neno
asije akatoboa karatasi.
"Hii ni sauti," nikamwambia, "ila sikio halifiki huko."
Akakunja uso. Mtu huyu husikia
jokofu la jirani likiimba ndani ya ukuta;
lifti yetu, aliniambia, iko nusu toni chini.
"Sauti gani? Itaje."
Nikasoma kwenye kioo: megahezi moja.

Akafumba macho, akahesabu kwa vidole vya mkono mzima.
La, mia nne arobaini. Mara mbili. Mara mbili tena.
Midomo ikapanda ngazi isiyo na nyumba,
oktava ya tano, ya nane, ya kumi na moja,
akafika huko juu, akatweta, akatazama huku na huku.
"Ni Ti," akasema. "Lakini imelegea.
Mashine yako, Bi Halszka, inataka kukazwa kidogo."

Baada ya sauti, leza.
Tukavaa miwani ya kijani, mimi na yeye,
kama wachomeleaji wawili waliosahau chuma.
Akauliza mwanga uko wapi.
Upo, nikasema, macho tu hayauoni.
"Sauti isiyosikika, mwanga usioonekana!
Padri wangu naye husema hivyo hivyo,
ila hanitozi kwa dakika."

Sikumjibu. Ningejibu nini?
Nimesoma tafiti zinazovutana mashati:
huu wasema ndiyo, huu wasema labda,
huu wasema bega lina saa yake, lisubiri.
Kitanda hiki nimekitandika mara elfu,
sijakilalia;
kunguni wake nasimuliwa.

Jumanne ya tano tuliongea sana.
Alinieleza piano ya marehemu mkewe, Ludmiła,
iliyo pale nyumbani karibu na dirisha.
Za watu wote amezikaza. Ile, hapana.
Anaiacha ilegee kwa mwendo wake,
kila majira ya baridi inashuka kidogo,
naye huinua kifuniko, hugusa kibonye kimoja tu,
kupima imeshuka kiasi gani.
Mkono wangu ukazunguka, ukazunguka,
dakika nane zikaisha,
nikageuka kuzima mashine
na haikuwa imewashwa.

Uso ukanichoma. Nikafuta jeli kimya kimya.
"Vipi bega?"
"Afadhali."
Akasimama, akatafuta kofia, akafika mlangoni.
"Feni haikuzunguka leo," akasema bila kugeuka.
"Nilijua tangu mwanzo."
"Mbona hukuniambia?"
"Feni yenyewe ina sauti mbaya.
Na nilikuwa sijamaliza habari za Ludmiła."

Mkono ukaingia kwenye koti,
ukafika kiwiko, ukasita,
nikapiga hatua moja kumsaidia,
ukapita.
Tramu ikalia nje. Akataja noti yake, akaenda.

Kadi yake iko mbele yangu mezani.
Kwenye safu ya muda nimeandika: dakika nane.
Safu ya nguvu ya mashine
ni saa mbili usiku sasa, na bado iko wazi.