Kulegea

Asubuhi ya Machi, tambarare ya Hungaria,
umande umeganda juu ya boriti ya banda,
na Bársony, dume wa forinti milioni nane,
anamnusa jike, anapindua mdomo wa juu,
anaichekea dari,
kisha basi.
Siku ya tisa leo. Basi.

"Mvivu huyu," asema Gergő mtunza farasi.
Daktari Piroska anavua glovu,
anaweka kiganja juu ya kitokono cha dume,
pale uti wa mgongo unapokaribia kwisha.
"Bawabu anakaa hapa.
Neva nyembamba kuliko uzi wa kifungo.
Hangoji kila mara barua ya ubongo:
ngozi ikiguswa, habari hufika hapa, jibu hushuka,
hata kwa mnyama aliyevunjika uti huko juu."

Gergő anadhani kusimama ni kukaza.
Wanaume wa kijiji chake wote wanadhani hivyo.

"Sivyo. Ni kulegea.
Neva hupumua gesi kidogo, hewa ya sekunde chache,
na misuli iliyoibana ateri husahau ngumi yake.
Damu huingia kama wageni wa harusi,
wote kwa mkupuo, wakajaza chumba
hadi mlango wa kutokea ukabanwa na migongo yao.
Kinachosimama
kimesimama kwa kuwa kitu fulani kimekubali kulegea."

"Na kinachozuia?"

Kwa kidevu, anauonyesha mjeledi ukutani.
"Ziko neva nyingine, zatoka juu kidogo, kiunoni.
Zao ni mbio: moyo, jasho, kwato.
Zikishtuka, hufunga kila bomba la starehe.
Mwili haupandi mbegu huku nyumba inaungua."

Jike anakojoa juu ya nyasi kavu; mvuke unapanda.
Gergő anakwangua ukucha kwa ukucha.
"Na farasi," anauliza, macho ndani ya ndoo,
"farasi aliyefiwa. Aliyezoea jike mmoja
miaka ishirini na sita.
Huyo naye hufungwa?"

Bársony ana miaka sita.
Piroska hakumsahihisha hesabu.
Alikunja kamba, pindo juu ya pindo.
"Farasi wa namna hiyo si mgonjwa.
Ubongo wake umeegemea mlango, unalia.
Usimsukume.
Mlango hauvunjwi na aliye ndani."

Usiku ule Gergő aliutungua mjeledi,
akabaki na msumari mtupu wa kuutazama.

Husemwa mkono mtupu haulambwi.
Jumapili alikaa bandani saa nzima,
bila shayiri, bila sukari, bila kudai kitu,
na Bársony akaulamba,
kidole kwa kidole, hadi kwenye pete.

Daftari la banda lina alama ya wino
siku ya kumi na saba.
Mengine hayana daftari.